Matembezi ya hisani ya masafa marefu: unaanzaje, unaombaje pesa, na miguu inafikaje salama

Maswali ni yale yale kila wiki. Nianze na kilomita ngapi, nivae viatu gani, pesa naziombaje bila kuona aibu, nikishindwa katikati itakuwaje, chakula changu cha njiani nitoe kwenye mchango au mfukoni? Kujibu mmoja mmoja inboksi nimechoka kwa hiyo nimeweka yote hapa, na naomba usome mpaka chini kabla hujamtangazia mtu yeyote chochote, maana wengi wanatangaza leo halafu njia na tarehe ndio wanaanza kuzitafuta kesho.

Kwanza kuna kitu kimoja ukielewe, halafu hayo mengine yatakaa sawa. Kutembea hakuleti pesa. Kinacholeta pesa ni kuomba. Unaweza ukatembea kilomita 300 ukarudi na malengelenge na mchango wa dada yako tu, na mwingine asitoke hata getini kwake akapata mamilioni. Mwaka 2020 mzee Tom Moore wa Uingereza, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa anaelekea kutimiza miaka 100, alizunguka bustani yake mara 100 huku ameshikilia fremu ya kutembelea, kila mzunguko mita 25. Piga hesabu, ni kilomita 2 na nusu jumla. Lengo lake lilikuwa pauni 1,000 na zikaja zaidi ya milioni 30. Sikwambii kwamba na wewe utapata hizo, usijidanganye, ila uone kwamba umbali ni sababu tu ya kumfanya mtu ageuke akusikilize. Baada ya kugeuka lazima kuwe na mtu wa kumwomba, na huyo ni wewe.

Uwe navyo kabla hujaanza

- Barua au ujumbe wa maandishi kutoka kwa taasisi unayoichangia
- Mtu wa pili wa kushika hesabu, asiwe mkeo, mumeo wala ndugu yako
- Akaunti au namba ya kupokelea pesa ambayo haina pesa zako binafsi ndani
- Miezi mitatu mpaka minne ya mazoezi kama kwa sasa huwa hutembei
- Viatu ulivyokwisha kuvitembelea sana, pea tatu za soksi zisizo za pamba tupu
- Begi dogo lenye mkanda wa kiunoni, chupa za maji, kofia, koti jepesi la mvua
- Tepu ya hospitali, plasta, mkasi, sindano, dawa ya kusafishia vidonda, vaselini, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji)
- Fulana ya reflekta, na tochi ya kichwani kama kuna hata saa moja ya giza
- Simu yenye chaji, pawabenki, na karatasi yenye namba za dharura kwa sababu simu inazima

Kama una presha, kisukari, moyo, au goti liliwahi kufanyiwa operesheni, muone daktari kwanza. Wenye kisukari hasa: miguu inaweza kuwa imepoteza hisia, lengelenge linatoka husikii kitu, kwa hiyo wewe kila mapumziko vua soksi uangalie kwa macho, usisubiri maumivu.

Hatua ya 1: Chagua unayemchangia, na upate kibali chake

Chagua jambo unaloweza kulieleza kwa sentensi mbili bila kusoma mahali. "Kusaidia jamii" halitoshi, mtu hawezi kuiona jamii machoni. Vitimwendo vya watoto, matibabu ya fulani, kisima cha shule, hapo mtu anaona pesa yake inaenda wapi.

Hakikisha taasisi imesajiliwa kweli na ipo hai, halafu waandikie uwaambie unataka kuwachangishia, uwaulize utumie jina lao vipi, nembo unaruhusiwa au hapana, na pesa ziingie kwao moja kwa moja au zipitie kwako. Wengi wanaruka hapa wanasema si nasaidia tu, nani atakataa. Wanakataa bana. Kuna taasisi haziruhusu mtu kuzunguka na jina lao bila makubaliano na ziko sahihi, jina lao ndilo linalochafuka wewe ukipoteza pesa.

Kama unamchangia mtu binafsi, mgonjwa labda, pata ridhaa yake au ya familia kabla ya kuweka picha. Na mkubaliane mapema pesa zikizidi zinaenda wapi, na akitangulia kabla hazijatumika itakuwaje. Ni maongezi mazito lakini yafanyike, baadaye ni magumu mara kumi.

Hatua ya 2: Umbali na njia

Mtu wa kawaida asiye na mzigo anatembea kilomita 4 mpaka 5 kwa saa kwenye tambarare. Ukiweka mapumziko, msalani, kupiga picha, kufunga kamba za viatu, panga kilomita 4 kwa saa na usiongeze. Vilima navyo vihesabu: kuna kanuni ya tangu 1892 ya William Naismith wa Scotland, saa 1 kwa kila kilomita 5 halafu unaongeza saa 1 nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Na yeye alikuwa mpanda milima mwenye mapafu yake, mapumziko hakuyahesabu. Kwa hiyo njia ya kilomita 30 yenye kupanda mita 600 kwake ni saa 7, kwako wewe weka 9 na usione haya.

Kwa anayeanza, siku moja kilomita 25 mpaka 40 inatosha kabisa na itawashangaza watu. Ukitaka siku nyingi mfululizo, shusha iwe 20 mpaka 25 kwa siku, kwa sababu siku ya kwanza haikuui, ya tatu ndiyo inauliza maswali. Kilomita 100 kwa mkupuo ziache kwanza. Kuna matembezi yanaitwa Oxfam Trailwalker, yalianzia Hong Kong 1981 kama zoezi la wanajeshi wa Gurkha (askari wa Nepal katika jeshi la Uingereza) na raia wakaanza kuingia 1986, pale ni kilomita 100 ndani ya saa 48 na lazima muwe timu ya watu wanne mnaotembea pamoja. Hiyo ya wanne ina akili sana. Mmoja akiumia, mmoja anakaa naye na wawili wanafuata msaada. Hata kama yako ni fupi tafuta mwenzako.

Njia ipite mahali penye maji, choo, kivuli na mtandao wa simu, na upite nayo yote kabla ya siku yenyewe, hata kwa gari au baiskeli. Ramani ya simu haikuonyeshi kwamba daraja lina upana wa lori moja na hakuna pa mtu wa miguu kupita.

Hatua ya 3: Tengeneza nyumba ya pesa kabla pesa haijaja

Hapa ndipo watu wazuri wanapochafukiwa majina, na mara nyingi hawakuiba hata senti, walichanganya tu.

Bora kuliko yote ni pesa kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi au kwenye ukurasa wa uchangishaji unaowapelekea wao. Soma makato ya huo ukurasa kabla, mingine inakata asilimia, na wachangiaji wataulizia. Ikibidi zipitie kwako, fungua akaunti au laini ya pekee, kutoa pesa kuwe kwa idhini ya watu wawili, na mweka hazina asiwe mtu anayekuogopa wala anayekudai.

Halafu gharama zako. Viatu, malazi, mafuta ya gari la kusindikiza, fulana, hizo ni bajeti nyingine kabisa. Lipa mwenyewe au tafuta mdhamini wa gharama peke yake na mwambie wazi kwamba zake ni za gharama. Mchango wa mtu aliyedhani anamnunulia mtoto kitimwendo usinunue maji yako. Kama kweli huna namna na lazima kitu kitoke kwenye mchango, kitaje tangu mwanzo kwenye tangazo lenyewe, kwa kiasi, watu waamue.

Daftari la michango lichore siku ya kwanza: tarehe, jina (au "hakutaka kutajwa"), alichoahidi, alichotoa, kimepitia wapi, namba ya muamala. Mtu akitoa taslimu mwandikie risiti palepale hata awe babu yako.

Hatua ya 4: Andaa miguu

Jipe wiki 12 mpaka 16. Tembea mara tatu au nne kwa wiki, siku za kati fupi za dakika 40 mpaka saa moja, halafu siku moja ndefu. Ndefu anza na kilomita 6 au 8 kisha ongeza kilomita moja au mbili kila wiki. Kila wiki ya nne punguza, mwili unajenga ukiwa umepumzika. Ndefu kuliko zote ifikie robo tatu hivi ya umbali wako wa siku, ifanyike wiki mbili au tatu kabla ya tukio, na baada ya hapo unapunguza tu. Wiki ya mwisho tembea kidogo, lala sana.

Kama matembezi ni ya siku nyingi, fanya ndefu mbili zinazofuatana, Jumamosi na Jumapili. Ile Jumapili asubuhi unapoamka paja limekakamaa na bado unavaa viatu ndiyo mazoezi yenyewe, hiyo ya Jumamosi kila mtu anaiweza.

Mazoezi yafanyie kwenye njia inayofanana na ya tukio, saa zile zile za jua, begi lile lile na uzito ule ule. Begi la siku lisizidi kama sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 abebe 7 na hapo maji yamo.

Kosa kubwa hapa: wiki ya mwisho mtu anagundua alizembea, anataka kulipa deni lote kwa mkupuo. Haiwezekani, unaenda kuanza ukiwa umeshachoka na ugoko unauma. Kama ulizembea punguza umbali, tangaza upya, maisha yaendelee.

Hatua ya 5: Viatu, soksi, kucha

Nanunua kiatu gani? Kinachokukaa. Sitaji kampuni. Kijaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo na soksi utakazotembelea, mbele ya dole refu kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kisigino kisipande ukitembea. Mara nyingi hiyo inakuwa nusu saizi au saizi nzima juu ya uliyozoea. Miguu inavimba ukitembea saa nyingi, na ukiteremka mlima vidole vinasogea mbele vinagonga, ndio maana kucha zinakuwa nyeusi na kung'oka.

Barabara ya lami au njia ngumu, raba nzuri za kukimbilia zinatosha. Buti ni kwa mawe, matope na mzigo. Vyovyote iwe, kiatu kipya siku ya tukio ni marufuku, kiwe kimeshatembea mazoezi mengi na wewe. Marufuku hiyo hiyo ni kwa ile fulana yenye nembo mnayogawiwa asubuhi ya siku yenyewe, ijaribu kabla, maana mshono wa kwapa kwa kilomita 30 unachuna ngozi kama msasa.

Soksi za pamba tupu zinashika jasho na haziliachii. Tafuta za sufu nyembamba au za sintetiki, na beba pea ya kubadilisha njiani. Kucha kata siku tatu nne kabla, kwa mstari ulionyooka, pembeni usizame ndani.

Hatua ya 6: Omba

Haya, hapa ndipo wengi wanaponikimbia. Wanaweka posta moja yenye linki, wanasubiri, wiki mbili zimepita wachangiaji wawili, wanasema watu siku hizi hawana utu. Posta haimwombi mtu yeyote. Kila anayeisoma anadhani imeandikiwa mwingine.

Andika orodha ya kila unayemfahamu, kweli kila mmoja: ndugu, jirani, mliosoma pamoja, wa kazini, wa ibada, fundi wako, mwenye nyumba wako wa zamani. Usiwachuje kwa kuwaza "huyu hana". Wasio nacho wana tabia ya kutoa, wenye nacho wana tabia ya kuuliza maswali, utaona mwenyewe. Halafu watumie mmoja mmoja kwa jina na kwa heshima yake, kitu kama hiki:

"Shikamoo shangazi. Tarehe 14 mwezi ujao natembea kilomita 120 kwa siku 5 kuchangia vitimwendo vya watoto. Naomba uniunge mkono kwa kila kilomita kiasi chochote, au kiasi kimoja cha jumla. Orodha ya kwanza naifunga Ijumaa. Nikuandike ngapi?"

Basi. Hakuna hadithi ya kurasa tatu. Mna jambo, umbali, tarehe ya mwisho na swali linalohitaji jibu. Hiyo "nikuandike ngapi" ndiyo inayofanya kazi yote, mtu hawezi kuijibu kwa kidole gumba tu na kuondoka.

Anza na watu wako wa karibu kabisa, wale watano sita ambao hawawezi kukuangusha, na waambie watoe kabla hujatangaza hadharani. Anayefika kwenye orodha anaangalia waliotangulia walitoa kiasi gani na anajipima nao. Orodha tupu inafukuza watu, na ikianza na kiasi kidogo sana wote wanaofuata watashuka hapo.

Mchango wako mwenyewe uwe wa kwanza. Utaulizwa.

Ahadi za kila kilomita zinanoga kwa sababu zinamfanya mtu afuatilie safari, ila zina mtego: pesa hukusanyi mpaka umalize, na ahadi inaoza haraka. Mweleze jumla itafika ngapi ukimaliza zote asije akashtuka, na dai ndani ya wiki ya kwanza baada ya tukio. Kampuni na waajiri waandikie mapema zaidi, miezi miwili kabla, wana vikao vyao. Na uliza kama wanaweza kulinganisha, yaani wafanyakazi wakichanga kiasi fulani na kampuni inaweka hicho hicho.

Kukumbusha sio usumbufu. Mara moja wiki moja kabla, mara moja siku unapoanza, mara moja ukiwa katikati na picha ya miguu ikiwa imevuliwa viatu, hiyo picha inaleta pesa kuliko ya nyota na ushindi sijui kwa nini. Akisema hapana mshukuru, usimwulize sababu.

Hatua ya 7: Vibali, barabara na watu wa kukusindikiza

Ukiwa peke yako au wawili pembeni ya barabara kwa kawaida hakuna shida, ila kundi, bango, kipaza sauti au makopo ya kukusanyia pesa hadharani, sehemu nyingi vinahitaji kibali, kwa hiyo uliza polisi na mamlaka za eneo mapema na upate kwa maandishi. Makopo yawe yamefungwa kwa lakiri, yafunguliwe mbele ya watu wawili. Watoto wawe na mzazi au barua yake.

Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande ambao magari yanakuja unayaona usoni, sio yanayotokea mgongoni. Mstari mmoja, hakuna kutembea watatu watatu mkipiga stori. Kwenye kona kali ambayo dereva hawezi kuwaona, vukeni upande wa pili kabla ya kona kisha mrudi. Spika za masikioni toa. Giza likiingia, nguo nyeupe peke yake haitoshi, reflekta ndiyo inayorudisha taa za gari.

Kwenye kundi awepo wa mbele anayejua njia na wa mwisho kabisa ambaye hakuna mtu anabaki nyuma yake. Huyo wa mwisho awe mvumilivu na awe na sanduku la huduma ya kwanza. Gari la kusindikiza likae mbele kwenye vituo, lisitambae nyuma yenu kwa mwendo wa miguu likisababisha foleni.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Anza polepole kuliko unavyotaka. Saa ya kwanza kila mtu ni shujaa, kuna wimbo, kuna picha, mnajikuta mnakwenda kilomita 6 kwa saa na hiyo deni mnailipa alasiri. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Kila saa pumzika dakika 5 mpaka 10. Kila saa mbili au tatu vua viatu na soksi, kausha miguu, iinue juu ya begi, badilisha soksi. Usikae zaidi ya nusu saa, misuli inapoa na kuamka ni adhabu.

Sasa sikiliza kuhusu malengelenge, nakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo yanayotoa watu wengi njiani. Kabla ya lengelenge kuna sehemu inawaka, kisigino au pembeni ya dole gumba, kama umeweka mguu karibu na moto. Ukiisikia SIMAMA hapo hapo, usiseme nitafika kituoni. Vua, toa mchanga, kausha kabisa. Kata kipande cha tepu, zungusha pembe za kipande ziwe duara kwa sababu kona kali ndizo zinazoanza kubanduka, bandika bila kuvuta na bila mkunjo, ukisugue kwa kidole mpaka kipate joto kishike. Soksi ivae taratibu isikunje tepu. Dakika tatu hizo zinaokoa siku mbili.

Likishatoka na halikusumbui, liache, lifunike. Likiwa kubwa na linauma kila hatua, nawa mikono, safisha ngozi na sindano kwa dawa, toboa pembeni chini, kamua maji taratibu, ile ngozi ya juu USIITOE, kisha funika. Wekundu unaosambaa, usaha, joto au homa, hapo ni hospitali, matembezi yameisha.

Vaselini paka asubuhi mapajani, kwapani, na wanaume chuchuni. Mtacheka sasa, alasiri hamtacheka.

Maji: kunywa kiu ikikuita, kidogo kidogo. Kuna watu wanalazimisha lita kwa lita kwa kuogopa kukaukiwa, na maji matupu yakizidi sana chumvi ya damu inashuka, kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, mtu anachanganyikiwa, na inaweza kuua. Mkojo wa njano hafifu ndio unaotaka. Ukitoka jasho saa nyingi changanya na ORS, na kama pakiti hazipo ni vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita 1 ya maji safi, vijiko viwe vya kusawazisha, chumvi ikizidi ni hatari. Kula kila saa au saa na nusu, chakula ulichokizoea mazoezini na chenye chumvi kidogo. Siku ya tukio sio ya kujaribu kitu kipya tumboni.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizimeze kama pipi ukiwa umekaukiwa maji, zinapiga figo. Na maumivu yanakupa taarifa, ukiyazima hutajua umevunja nini.

Hatua ya 9: Baada ya kumaliza

Siku hiyo hiyo tuma asante kwa kila mtu kwa jina, na usiifunge linki, mchango mwingine mkubwa unakuja siku zile za mwisho na baada ya kumaliza, watu walikuwa wanangoja waone. Wiki inayofuata dai ahadi. Ndani ya mwezi toa hesabu: zimeahidiwa ngapi, zimeingia ngapi, makato ngapi, zimekabidhiwa ngapi, na risiti ya taasisi yenyewe. Skrinshoti ya risiti iweke kwenye grupu, ficha namba za watu.

Yakiharibika

*Pesa hazitembei, wiki tatu zimebaki.* Rudi kwenye orodha yako, hesabu uliowatumia wenyewe kwa jina ni wangapi. Karibu kila mara ni wachache kuliko unavyodhani. Piga simu kumi leo.

*Ugoko unauma mazoezini.* Punguza, usiongeze. Siku kadhaa za kupumzika, angalia kama kiatu kimeisha soli. Ukibonyeza sehemu moja ndogo ya mfupa inauma kama msumari, muone daktari, inaweza kuwa ufa.

*Goti linauma ukiteremka.* Hatua fupi, goti likunjwe kidogo, fimbo mbili za kutembelea zinapunguza mzigo.

*Mwenzako anayumba, anaongea vitu visivyoeleweka, ngozi ni ya moto.* Huo ni joto kuzidi mwilini, ni dharura. Kivulini, mwage maji mwili mzima, mpepee, piga simu ya dharura. Usimnyweshe kwa nguvu kama hajitambui vizuri.

*Mvua kubwa au radi.* Simama. Ahirisha ikibidi. Hakuna aliyekuchangia ili upigwe radi.

*Mtu anasema hadharani unakula pesa.* Usijibu kwa hasira, weka daftari na risiti. Kama hatua ya 3 uliifanya inachukua dakika mbili. Kama hukuifanya, muite mweka hazina na taasisi leo mkae mhesabu, halafu ndio ujibu.

*Umeshindwa kumaliza.* Waambie siku hiyo hiyo, umefika kilomita ngapi na kwa nini. Terry Fox wa Kanada mwaka 1980 alianza kuvuka nchi yake akikimbia na mguu mmoja wa bandia kuchangia utafiti wa kansa, akasimama baada ya siku 143 na kilomita 5,373 kwa sababu kansa ilimrudia, hakuvuka, na siku chache baadaye kipindi kimoja cha televisheni kilichangisha karibu dola milioni 10. Walioahidi kwa kilomita wanadaiwa zile ulizotembea tu, wengi watakupa zote bila kuambiwa. Aliyekwisha kutoa akataka arudishiwe, mrudishie na uandike kwenye daftari.